Kadi ya maili za ndege: je, inamfaa mwenye familia ya watu wanne?

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu, hasa mlioko ughaibuni kama mimi.

Swali langu ni la pesa, lakini limeshaingia ndani ya nyumba, ndiyo maana nakuletea wewe. Mume wangu na mdogo wake wanavutana juu ya kadi ya mkopo, na kila mmoja anangoja niseme niko upande gani. Nataka kujua kama kadi ya maili, ile unayoilipia ada kila mwaka nayo ikakupa pointi, zinazoitwa maili, za kukupunguzia nauli ya ndege baadaye, inamfaa mtu wa hali yangu.

Sisi tuko Houston, Texas. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, mume wangu anafanya kazi ghalani, na tuna watoto wawili wanaosoma. Kwetu ni Tanga. Tunakwenda nyumbani tukijaliwa, na kwa sababu ya shule hatuchagui tarehe: ni likizo ya kiangazi au Desemba, wakati ambao kila mtu anataka kupanda ndege. Desemba iliyopita tiketi ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam na kurudi ilifika dola 1,900. Zidisha kwa wanne. Pesa kama hiyo haipatikani kwa mshahara wa mwezi. Nacheza upatu na akina mama wenzangu wa hapa, na zamu yangu ikifika, yote inakwenda kwa wakala wa tiketi.

Sasa shemeji yangu, anayeishi Dallas, ndiye aliyekuja na habari ya kadi. Yeye amekwenda nyumbani akiwa amekaa daraja la biashara, kwa maili tupu na kodi kidogo ya uwanja. Aliporudi akaniambia, “Shemeji, wewe unanunua chakula na mafuta ya gari kila wiki na hupati kitu. Mimi kila ninachonunua kinanipeleka Tanga.” Ni kijana mwerevu na ananitakia mema, kwa hiyo nilimsikiliza.

Kadi aliyonionyesha ni Capital One Venture. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Inatoa maili 2 kwa kila dola unayotumia, na ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo unapewa maili 75,000 za kukaribishwa. Maili hizo waweza kuzitumia kufuta gharama ya safari uliyokwisha kulipia kwa kadi hiyo, kila maili kwa senti moja, yaani 75,000 ni dola 750. Au waweza kuzihamishia kwenye mpango wa maili wa shirika la ndege: Flying Blue wa Air France na KLM, Miles&Smiles wa Turkish Airlines, au Aeroplan wa Air Canada. KLM na Turkish zote zinaruka kutoka hapa Houston na zote zinafika Dar. Aeroplan nao unaweza kukupatia kiti cha Ethiopian, kwa kuwa mashirika yote mawili yamo kwenye muungano wa Star Alliance. Kwa hiyo njia ya kufika nyumbani ipo.

Nilikaa usiku mmoja baada ya shifti nikaandika matumizi yetu yote, na hapo ndipo nilipoanza kupata mashaka. Pesa yetu nyingi inakwenda mahali ambapo kadi haina kazi. Kodi ya nyumba: mwenye nyumba anakubali kadi, lakini anaongeza karibu asilimia 3, na mimi kwenye kadi nitapata thamani ya asilimia 2. Upatu: ni pesa mkononi au kutumiana kwa simu. Duka la mhindi tunakonunua unga wa sembe na samaki wakavu: muuzaji anapenda noti. Hata wakala wetu wa tiketi, ambaye ananikubalia nilipe kidogo kidogo bila nyongeza yoyote, ukimtolea kadi anaongeza asilimia 3 juu ya nauli. Basi tiketi yenyewe, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwake naipata kwa bei nafuu nisipotumia kadi.

Na kuna pesa ya nyumbani. Tunajenga Tanga, taratibu, na kila mwezi tunamtumia kaka yangu pesa ya fundi na saruji. Shemeji alisema hiyo nayo ipite kwenye kadi. Nilisoma masharti: kutuma pesa kwa kadi ya mkopo benki nyingi zinakuhesabia kama umechukua fedha taslimu. Unakatwa ada papo hapo, riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila kusubiri bili, na maili hupati. Najua wengi wetu tunaitafuta njia ya kukwepa ile kodi ya asilimia 1 iliyoanza Januari 1, 2026 kwa pesa zinazotumwa nje ya Marekani. Wasomaji wenzangu, kodi hiyo inawahusu wanaolipia kwa pesa taslimu, hundi ya benki (cashier's check) au hawala ya fedha (money order). Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya hapa, au kwa kadi ya kawaida inayokata kwenye akaunti hiyo, haikuhusu. Hakuna haja ya kuingia kwenye kadi ya mkopo kwa ajili hiyo.

Baada ya kuyatoa hayo yote, kinachobaki cha kupitisha kwenye kadi ni chakula cha duka kubwa, mafuta, simu, intaneti na bima ya gari. Kwetu ni kama dola 1,350 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 16,200, maana yake maili 32,400, ambazo kwa senti moja moja ni dola 324. Toa ada ya 95, inabaki dola 229.

Lakini, Shangazi, zipo kadi zisizo na ada kabisa zinazokurudishia asilimia 2 ya kila unachonunua, kwa pesa. Citi Double Cash ni mojawapo, na Wells Fargo Active Cash ni nyingine. Kwa matumizi yaleyale ningepata dola 324 nzima, na pesa hiyo naitumia nitakavyo: nauli, ada ya shule ya mpwa wangu, au mabati. Ili kadi ya maili ishinde hapo, kila maili moja lazima ininunulie safari ya karibu senti 1.3 au zaidi, na hilo linawezekana tu nikizihamishia kwa shirika la ndege na nikapata kiti kizuri.

Hapo ndipo maisha ya shemeji na yangu yanapoachana. Yeye ni mmoja. Akiona kiti cha maili Jumanne ya mwezi wa pili, anaomba ruhusa kazini na kuondoka. Mimi natafuta viti vinne, kwenye ndege moja, wiki ya kufunga shule. Nimejaribu kutafuta kwenye tovuti za mashirika hayo ili nione kwa macho yangu. Kwa tarehe zetu, ama idadi ya maili ilikuwa kubwa mno, ama palikuwa na viti viwili tu, ama maili zilikuwa sawa lakini juu yake kuna tozo za shirika za mamia ya dola kwa kila abiria. Maili zikishahamia kwa shirika la ndege hazirudi benki, kwa hiyo siwezi kuzihamisha kwanza halafu ndiyo nianze kutafuta.

Mwaka wa kwanza, nakiri, hesabu inageuka. Zile maili 75,000 ukijumlisha na 32,400 zinakuwa 107,400, sawa na dola 1,074, na baada ya ada ni 979. Kadi ya kurudisha pesa mara nyingi inakaribisha kwa dola 200, nayo mwaka wa kwanza ingenipa 524. Tofauti ni dola 455. Kwa Desemba hiyo ni karibu robo ya tiketi moja. Si kidogo kwetu, na sitaki kuidharau.

Ila hebu tazama ile dola 4,000 ya miezi mitatu. Matumizi yetu ya 1,350 mara tatu ni 4,050. Tunavuka kwa dola 50 tu! Wiki moja mtoto akiumwa nikakosa shifti, tutabana matumizi, na hapo najua kitakachotokea: tutaanza kutafuta cha kununua ili tufikishe. Televisheni mpya, viatu ambavyo havikuwa na haraka. Na tukishindwa kulipa deni lote mwezi unaofuata, riba za kadi hapa Marekani zinapita asilimia 20 kwa mwaka. Kwa asilimia 25, deni la dola 4,000 linazaa riba ya dola 83 kwa mwezi mmoja. Miezi sita ya namna hiyo, faida yote ya 455 imekwisha na tumeanza kupoteza.

Mume wangu hapingi hesabu, anapinga mkataba. Sisi ni Waislamu, na riba kwetu si jambo dogo. Tulimuuliza ustadhi wa msikiti tunaoswali, naye akatueleza kwa upole kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoruhusu kwa mtu aliye na uhakika wa kulipa deni lote kabla ya tarehe, kwa kuwa hatoi riba. Wapo wanaokataza, kwa sababu sahihi yako yenyewe ni kukubali kwamba ukichelewa utaitoa. Mume wangu amesimama na hao wa pili kuhusu kadi yoyote ambayo inatushawishi kutumia zaidi. Kadi ndogo isiyo na ada, inayolipwa yote yenyewe kutoka benki kila mwezi, anasema anaweza kuikubali, kwa sababu hapa bila historia ya mkopo hata kupanga nyumba nzuri ni shida. Namheshimu kwa hilo, na nisingependa kumshinda kwa maneno kisha moyo wake usiwe radhi.

Nitakueleza sasa kinachonifanya nisiitupe ile fomu. Mama yangu ni mtu mzima na sukari inamsumbua. Simu ikilia saa nane za usiku, kabla sijaipokea mikono inatetemeka. Kwa msiba wenyewe najua sitawahi maziko, kwetu maiti hazilazwi kungoja mtu wa Marekani. Lakini mama akilazwa hospitali ya Bombo, nataka niwe naye akiwa bado ananitambua. Tiketi ya kununua leo ukaondoka kesho ni ghali kuliko ile ya Desemba, na pesa ya upatu inaweza kuwa iko kwa mwenzangu miezi mitano mbele. Shemeji alinigusa hapo aliposema, “Maili zako zikiwepo, hutamsubiri mtu.”

Nimelifikiria sana neno hilo. Maili za Capital One haziishi muda maadamu akaunti iko wazi, lakini ukiifunga kadi kabla ya kuzitumia, umezipoteza. Kwa maana hiyo ili niziweke kwa ajili ya mama, lazima niendelee kulipa 95 kila mwaka, au nizihamishie kwa shirika ambalo siku yoyote linaweza kupandisha idadi ya maili za safari. Na nikizitumia kufutia gharama, senti moja ni senti moja, tiketi iwe ya haraka au ya kupangwa. Dola 900 zilizokaa benki zingefanya kazi ileile. Tatizo ni kwamba mimi dola 900 benki hazikai: atapiga fundi, itatoka karo, gari litagoma. Maili angalau hakuna ndugu anayeweza kuniomba.

Kuna faida nyingine wanazozitaja, kama kutokatwa asilimia 3 ukilipia kitu nje ya Marekani. Kwa anayekwenda Paris sawa. Tanga tunalipa kwa noti au kwa simu, na kadi ya mkopo ukiipeleka kwenye mashine ya kutolea pesa, unarudi kwenye yale masharti ya fedha taslimu.

Basi, Shangazi, naomba unisaidie kwa haya. Je, ni busara kuichukua kadi ya maili kwa mwaka mmoja tu, nipate zile 75,000, nizitumie kwa safari ya Desemba ijayo, kisha kabla ada ya pili haijakatwa niiombe benki inibadilishie kadi isiyo na ada? Au nianze na kadi ya kurudisha pesa ambayo mume wangu ameshaikubali, ile dola 27 ya kila mwezi niiingize moja kwa moja kwenye akaunti ya peke yake ya mama, akaunti ambayo fundi na kaka yangu hawaijui? Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wenye watoto ambao wamewahi kupata viti vinne vya maili kwenda Dar au Kilimanjaro msimu wa likizo: mlitafuta miezi mingapi kabla, kupitia mpango gani, na mlilipa tozo kiasi gani juu yake?

Shemeji anakuja kwetu mwisho wa mwezi, na mume wangu amesema siku hiyo tukae wote watatu tulimalize. Ningefurahi nikipata jibu lako kabla ya hapo.

Wako,
Mama wa Tanga, Houston