Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa kuifahamu stesheni ya zamani ya Liverpool Road hapa Manchester, ambayo wengi wetu tumeipita miaka nenda miaka rudi bila hata kugeuza shingo. Waliofika kwenye ziara nawashukuru, hasa wazee waliovumilia baridi.

Stesheni ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, mwisho wa reli ya kutoka Liverpool iliyojengwa chini ya mhandisi George Stephenson. Siku hiyo hiyo mbunge wa Liverpool, William Huskisson, aligongwa na injini iitwayo Rocket pale Parkside, treni iliposimama kuchukua maji, akafariki jioni. Kisa hicho kinasimuliwa kila mahali. Mimi kilichonishika ni milango. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na mlango wao, wa daraja la pili na wao. Kisha wote wanapanda ngazi hadi jukwaa moja, kwa kuwa reli inapita juu, si usawa wa barabara.

Abiria hao waliitumia kwa miaka isiyotimia 14. Mei 1844 walihamishiwa stesheni ya Victoria, na tangu hapo hadi 1975 palikuwa pa mizigo tu. Miaka 131! Ghala la 1830 lingali limesimama ng'ambo ya reli: marobota ya pamba yaliingizwa ghorofani kutoka kwenye mabehewa, yakateremshwa, yakatokea chini kwenye mikokoteni. Kwa hiyo naona historia ya pale ni ya wabeba mizigo kuliko ya mawaziri waliofika siku ya ufunguzi, na mtoto wa kuli wa bandarini kama mimi hawezi kulipita jambo hilo kimya.

Mwaka 1978 halmashauri ya Greater Manchester iliinunua kwa pauni 1, na 1983 pakafunguliwa makumbusho. Linaloniuma ni kwamba njia mpya ya treni, Ordsall Chord, iliyoanza kutumika 2017, imekata reli ile isiungane tena na njia kuu.

Ziara ijayo, kamati imekubali, tutaanzia ghalani. Wenye magari wajiandikishe kwa katibu ili wazee wasitembee. Ada za mwaka mpya zinapokelewa na mweka hazina leo, baada ya chai.