Dafu peke yake halirudishi chumvi ya jasho

Ndugu Mhariri,

Joto la Desemba hadi Machi linapopanda, matangazo ya vinywaji vya elektrolaiti (madini ya chumvi kama sodiamu na potasiamu) nayo huongezeka, madukani na kwenye simu. Siku hizi vinalengwa hasa kwa watu walioamua kula vyakula vya asili, visivyo na rangi, vihifadhi wala sukari ya kuongezwa. Uamuzi wao ni mzuri na tunauunga mkono. Kinachotusumbua ni kwamba wengi huchagua chupa kwa maneno ya mbele, "asilia" au "haina sukari", ilhali jambo la kuangalia kwanza limeandikwa nyuma kwa herufi ndogo: sodiamu ni miligramu ngapi.

Lita moja ya jasho hutoka na sodiamu kati ya miligramu 460 na 1,800 hivi, kutegemea mtu. Potasiamu inayotoka kwa kawaida haizidi sana 300. Dafu liko kinyume chake: gilasi moja ina potasiamu ya miligramu 400 hadi 600, na sodiamu yake ni kidogo. Ni kinywaji safi kwelikweli, lakini mtu aliyelima au kukimbia saa mbili juani kisha akanywa madafu matatu amejiongezea potasiamu ambayo haikupungua sana, na sodiamu iliyomtoka bado hajairudisha. Marekebisho ni madogo. Kwa kila nusu lita ya maji ya dafu, koroga thumuni ya kijiko cha chai ya chumvi ya mezani, yaani nusu ya robo kijiko. Hiyo huongeza sodiamu karibu miligramu 300, na utamu wa dafu haupotei.

Chumvi yenyewe iwe ya kawaida, yenye madini joto. Chumvi ya waridi inayouzwa ghali ni kloridi ya sodiamu kwa takribani asilimia 98, na madini mengine yaliyomo ni chembe tu. Mara nyingi haina madini joto, kwa hiyo anayeifanya chumvi yake ya kila siku anajinyima kinga dhidi ya ugonjwa wa rovu.

Sukari inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiyo inayoogopwa kuliko vyote. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna vipitishio vinavyoingiza glukosi (aina ya sukari) na sodiamu kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Kwa mtu anayeharisha, njia hii ndiyo tegemeo, na kinywaji kilichotiwa utamu usio wa sukari, kama stivia au sukralosi, hakiifungui hata kidogo. Asali inasaidia nusunusu: sehemu kubwa ya sukari yake ni fruktosi, ambayo hupita mlango mwingine bila kuvuta sodiamu, na ikizidi hujaza tumbo gesi. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.) Sukari ikizidi nayo huleta hasara. Kinywaji chenye zaidi ya gramu 8 kwa mililita 100 hukaa tumboni muda mrefu, na kwa mgonjwa wa kuhara huvuta maji kuyaingiza utumbo na kuharisha huongezeka. Soda huwa na gramu 10 hadi 11. Ndiyo maana kumpa mgonjwa soda iliyotolewa gesi ni kosa.

Kwa mazoezi au kazi ya chini ya saa moja, maji na chakula cha kawaida vinatosha, na hakuna haja ya kununua chochote. Ikizidi saa moja kwenye joto, tafuta kinywaji chenye sodiamu kati ya miligramu 450 na 700 kwa lita. Nyumbani kinatengenezwa hivi: kamua machungwa upate mililita 300, ongeza maji safi mililita 700, kisha robo kijiko cha chai ya chumvi. Unapata karibu gramu 25 za sukari ya tunda, potasiamu miligramu 600 hivi, na sodiamu kama 600. Machungwa ya Muheza yaliyoiva vizuri hayahitaji kuongezwa chochote. Msimu ukiisha, tumia vijiko sita vya chai vya sukari kwenye lita moja ya maji, ndimu mbili, na chumvi ileile. Kunywa kidogo kidogo. Ukitaka kujua umepoteza kiasi gani, jipime uzito kabla na baada: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Uzito ukiwa umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na maji yaliyozidi huishusha sodiamu ya damu hadi kuhatarisha maisha. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu kwenye Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka.

Ukisoma lebo, angalia kwanza kama hesabu ni ya chupa nzima au ya mililita 100. Chupa ya nusu lita ya kinywaji cha michezo kwa kawaida ina sukari gramu 30 na sodiamu isiyofika miligramu 250. Bidhaa za Ulaya huandika chumvi badala ya sodiamu. Gramu 1 ya chumvi ni sodiamu miligramu 400. Dekstrosi, maltodekstrini na juisi iliyokolezwa zote zihesabu kama sukari. E102, E110 na E129 ni rangi, na E211 ni kihifadhi. Kinywaji cha elektrolaiti hakizihitaji rangi hizo, na anayekula safi anaweza kuziacha bila kupoteza kitu. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wengi wa bodaboda mchana kutwa si vya elektrolaiti: mililita 100 zina kafeini kama miligramu 30 na sukari karibu gramu 11.

Kuna pia vipakiti vya unga vyenye sodiamu miligramu 1,000 kila kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Mwenye shinikizo la damu anayekaa ofisini asivitumie. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, amuulize daktari kabla ya kuzoea madafu.

Wapo wanaoikataa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, kwa kuiona "kemikali". Pakiti isiyo na ladha ina vitu vinne tu: kwa lita moja, kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti ya sodiamu 2.9. Mtu akiharisha, hiyo ndiyo chaguo la kwanza, na mtoto apewe pamoja na vidonge vya zinki. Tatizo tunaloliona ni vipimo. Pakiti ya lita moja inamiminwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, chumvi inakuwa maradufu, na mtoto anazidi kuishiwa maji. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Tunawaomba, Mhariri, mnapochapisha mapishi ya vinywaji hivi kwenye ukurasa wa afya, msiandike "chumvi kiasi". Andikeni kipimo, na muongeze kwamba kijiko kikatwe usawa kwa kisu. Kijiko kilichorundikwa kinaweza kubeba karibu mara mbili.

Maofisa lishe wawili,
Tanga