Mdogo wangu amesema kwenye TV kwamba nilimlaza jikoni

Anti, shikamoo. Naandika saa tisa usiku, nyumba nzima imelala. Mimi usingizi umekata tangu Jumapili.

Ile klipu bila shaka umeiona, imezunguka kwenye magrupu yote. Yule binti wa gauni la kijani aliyelia mbele ya majaji wa shindano la kuimba kabla hata hajaimba ni mdogo wangu, tumbo moja. Huyo dada "aliyemlaza jikoni" ni mimi.

Anti, sikumlaza jikoni. Yaani alilala, lakini sivyo alivyosema. Masika ya mwaka ule bati la chumba cha watoto lilikuwa linavuja, jikoni ndiko kulikokuwa kukavu. Nilimtandikia mkeka, juu yake nikaweka godoro langu mwenyewe la inchi sita, mimi na baba watoto tukalala chini. Ni wiki tatu tu, mvua zikakatika akarudi chumbani. Hilo godoro hakulitaja.

Nilimchukua ana miaka tisa, mama alipofariki. Ada, sare, madaftari, vyote vilitoka kwenye kikaango changu cha vitumbua. Hata kuimba alianzia hapo hapo, anapuliza moto huku anaimba, wateja wanasema mtoto huyu ana sauti. Nauli ya kwenda kwenye usaili nilimpa mimi, na viatu alivyovaa siku hiyo ni vyangu.

Na hivi vipindi navipenda, nisikufiche. Mwaka 2003 Mtanzania mwenzetu Mwisho Mwampamba alipoingia kwenye jumba la Big Brother kule Afrika Kusini tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye dishi. Richard aliposhinda 2007 nilipiga vigelegele. Idris alipotwaa dola 300,000 mwaka 2014 nilimwambia mdogo wangu, nawe siku moja. Haya ya kuimba ndiyo usiseme. Anayelia huoneshwa muda mrefu, anawekewa muziki wa huzuni, wiki inayofuata wanamrudia tena. Aliyetoka nyumbani ameshiba anapita dakika moja. Nami nilikuwa nalia nao, nasema huyo shangazi yake ana roho mbaya. Sikuwahi kujiuliza huyo shangazi usiku ule amelalaje.

Jana mteja wangu wa siku zote kaniuliza, "Kumbe ndiye wewe?" Akachukua vitumbua vyake, chenji hakungoja. Mwanangu naye anaulizwa shuleni kama mamdogo alilala jikoni kweli. Mume wangu anasema nimfute kabisa, nisimpigie kura. Nampigia kila siku mpaka vocha inaisha. Sitaki ashinde kwa kunichafua, lakini wakianza kutaja wanaotoka, moyo unasimama. Pesa zake sizitaki, hilo uliandike.

Sasa watu wa kipindi wamepiga simu. Wanataka waje na kamera wapige picha hilo jiko, halafu siku ya fainali nitokee jukwaani bila yeye kujua, nimwombe radhi, tukumbatiane. Radhi ya nini, Anti? Nikienda nimekiri. Nikikataa watasema mnaona, si ndiye huyo. Na wanasema nikitokea kura zitaongezeka, nami nataka ashinde.

Yeye mwenyewe hajanipigia. Kambini wanapewa simu Jumamosi tu, najua, ila Jumamosi mbili zimepita.

Kuna kitu kingine sijamwambia hata mume wangu. Kwenye klipu alisema pia kuna panya. Kila mtu anashikilia jikoni, panya hakuna anayewasema. Panya walikuwepo. Usiku mmoja aliniita, "Dada, dada." Nilisikia. Nikamjibu lala, saa kumi tunaamka. Nilikuwa nimechoka, Anti, nina mimba ya miezi saba na unga haujaumuka. Hakuita tena. Sauti aliyosemea neno jikoni mbele ya majaji ni ile ile ya usiku ule, nimeirudia mara nyingi mpaka nimeogopa. Wiki tatu tu nimekuambia, lakini huenda kwake hazikuwa tatu.

Watu wa kipindi wanataka jibu Ijumaa. Jumamosi watapewa simu. Nikae nisubiri anipigie yeye, maana yeye ndiye mdogo na ndiye aliyesema, au nimtangulie mimi? Na akipokea, nianze na godoro au nianze na panya?