Wasusi, tuambieni ukweli kuhusu kurudi kwenye mvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasusi, pamoja na wanawake wenzangu waliochoka kupaka kanta na sasa wanatamani kurudi kwenye mvi zao.

Kwa miaka 11 nilipaka kanta kila baada ya wiki 3, kwa sababu mvi zilinitoka mapema kama zilivyomtoka marehemu mama yangu. Nilipopata mjukuu wa kwanza niliamua basi, nikaenda saluni moja hapa mjini, nikaahidiwa kwamba ningetoka na weupe wangu siku hiyohiyo. Nilipakwa blichi mara mbili mfululizo. Weusi ulitoka kweli, lakini rangi iliyobaki ilikuwa ya chungwa, na kwa kuwa nywele zangu zilikuwa tayari zimewekwa dawa ya kulainisha, jioni ile zilikatika na kubaki kwenye kitana. Nililia.

Msusi mwingine, mama mtu mzima aliyeisomea kazi yake, ndiye aliyenieleza kile nilichopaswa kuambiwa kabla. Rangi ya kudumu haikai juu ya unywele kama vumbi, bali inapochanganywa na kemikali iitwayo haidrojeni peroksaidi, chembe zake ndogo hupenya ndani, huko zikaungana na kuwa kubwa kiasi kwamba maji na sabuni haviwezi kuzitoa. Blichi huzivunja, lakini nywele hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha manjano, na katika kila hatua huzidi kudhoofika. Hina nayo ni ngumu kuitoa, maana hushikamana na unywele wenyewe.

Njia iliyo salama ni kungoja. Nywele za kichwani hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo mwenye nywele za sentimita 12 atahitaji kama mwaka mzima, akipunguza ncha kidogo kidogo na kuvumilia ule mpaka wa weusi na weupe ambao watu hawaachi kuuulizia. Wanaume wamepata nafuu, kwani kinyozi huimaliza kazi hiyo kwa kunyoa mara mbili tatu. Mimi nilizikata zikabaki fupi, nikajifunga mtandio.

Ninachowaomba wasusi ni hiki: kabla ya kufungua kopo la blichi, muulizeni mteja kama amewahi kupaka hina au piko na kama nywele zake zina dawa, kisha jaribuni kwanza kwenye nywele chache za kisogoni. Zikikatika, mkataeni hata kama fedha ameshaitoa mkononi. Nanyi wauzaji, wekeni maelezo ya Kiswahili kwenye paketi za kanta, yakiwamo kwamba rangi hiyo haiondoki kwa kuoshwa.

Msomaji wako,
Tanga