Ki- ya kiberiti si ya udogo

Ndugu Mhariri,

Yako maelezo yanayorudiwa madarasani kwamba ki- ya kiberiti (au kibiriti, kama kamusi zinavyoandika) ni kiambishi cha udogo, sawa na ki- ya kijiti. Sivyo, na kosa hilo linatuficha historia ya neno lenyewe.

Asili yake ni Kiarabu, kibrit, yaani salfa, ule unga wa njano. K ni sehemu ya mzizi, kama ilivyo katika kitabu. Waswahili ndio walioyaingiza yote mawili katika ngeli ya KI-VI, tukapata viberiti na vitabu. Maana ya kale haijafutika: kibiriti upele ni salfa hiyohiyo.

Kwa nini salfa? Kabla ya njiti za kukwaruza, Ulaya walichovya vijiti katika salfa iliyoyeyushwa, wakavigusisha kwenye kaa. Salfa hushika moto upesi kuliko mti, hivyo kaa lisilo na mwali likatoa mwali. Njiti ya kukwaruza ilianza kuuzwa na John Walker, Uingereza, mwaka 1827. Mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Sweden akaweka fosforasi nyekundu ubavuni mwa boksi. Ndiyo maana masika huanza kukiharibu kiberiti ubavuni: karatasi ikilowa, unga mwekundu hubanduka, na njiti nzima zinakosa pa kukwaruzwa. Kiwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria.

Kando ya neno hilo la kigeni tunalo letu la Kibantu, upekecho, kutokana na kupekecha: kijiti kikavu cha kuwashia moto, kinachozungushwa kwa viganja juu ya kibao cha mti laini. Shimo la kibao likatwe mfereji ubavuni, la sivyo unga wa mti unaosagika hutawanyika na kupoa. Unga wa kahawia bado. Ukiwa mweusi, na ukaendelea kufuka hata mikono ikisimama, kaa limepatikana. Hudondoshwa kwenye majani makavu yaliyofikichwa, kisha hupulizwa polepole. Pumzi kali hulisambaratisha.

Majani hayo ndiyo yanayopuuzwa, na bila hayo upekecho wala kiberiti haviwashi jiko la mkaa. Hapa Moshi tunayo bure: jani kavu la mgomba. Lililoanguka chini hunyonya umande hata likionekana kavu, kwa hiyo lichumwe lile linaloning'inia shinani. Lifikichwe kiganjani; lisipolia, lina maji, na joto la njiti litaishia kuyakausha. Likilia, lisokotwe unene wa kidole gumba, juu yake magunzi mawili matatu yaliyopasuliwa, kisha mkaa mdogomdogo, na mlango wa jiko uelekee upepo. Mkaa mkubwa uongezwe magunzi yakishakuwa mekundu. Ukiwahi kuuongeza, utauzima moto.

Tunaomba safu yenu ya lugha iyaeleze maneno haya mawili pamoja, kiberiti na upekecho, wanafunzi wajue lipi lilikuja na lipi lilikuwapo.

Walimu wa Kiswahili,
Moshi