Kivuko cha korongo: wito wa harambee kwa wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini

Mbukwenyi ndugu, jamaa na majirani.

Tunaomba mchango wa kujenga kivuko cha mawe kwenye korongo linalotenganisha mtaa wa juu na mtaa wa chini, huku kwetu upande wa Ntyuka, jijini Dodoma. Makadirio ni Sh 12,400,000. Mkononi tunazo Sh 3,100,000 zilizopatikana kwenye mikutano ya hadhara na kwa wafanyabiashara wa pale gengeni. Zilizobaki tunazitafuta kabla mvua hazijaanza. Barua hii imeandikwa kwa mapana kwa sababu itasomwa na aliyezaliwa hapa akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam au Mwanza, na itasomwa pia na mtumishi aliyehamia juzi, ambaye hajawahi kuliona korongo lenyewe likiwa limejaa.

Watani zetu tunawajua. Mtasema Wagogo wameanza kuomba. Semeni, utani hatukatai, ila mseme mkiwa na mfuko wa saruji begani.

Kwanza habari za mtaa, maana mlio mbali huwa mnalalamika kwamba tunawatafuta siku ya mchango tu. Ukweli ni kwamba mkija leo mtauliza njia. Yale mashamba ya uwele na mizabibu tuliyokuwa tukiyakatisha kwenda kisimani yamepimwa, yana bikoni, na kila baada ya nyumba tatu kuna tofali zimepangwa zikisubiri msingi. Mbuyu wa kijiweni upo, ila umezungukwa na maegesho ya bajaji, na wazee wamehamishia bao kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Mama aliyekuwa akitukaangia vitumbua alfajiri sasa anapika chakula cha mchana cha kupeleka maofisini, na oda ikiwa kubwa anakodi bajaji mbili. Mlenda wake umepata wateja ambao walipofika hapa mara ya kwanza waliuangalia wakasema hawauwezi.

Haya yote tuliyangoja muda mrefu. Tangu TANU iamue mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na CDA ikaundwa mwaka huohuo kuustawisha mji, kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa na kuolewa kikiambiwa Serikali iko njiani. Wengine walishaanza kuyachukulia kama hadithi za jioni. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa wanahama, na mambo yakaenda mbio: Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikakabidhiwa manispaa, Aprili 26, 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji, wizara zikaanza kujenga Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo hili la manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, ndugu waliokuwa wakionekana Krismasi hadi Krismasi wanaingia Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Kisingizio cha safari ndefu kimekwisha, na tutawaomba waliokuwa wakikitumia wakumbuke hilo siku ya harambee.

Sasa korongo.

Waliokulia hapa wanalikumbuka kama mfereji mpana wa mchanga ambao mtoto wa darasa la pili aliuruka kwa kukimbia kidogo. Leo lina mita 9 kutoka ukingo hadi ukingo pale njia inapovukia, na kingo zake zimesimama wima kama ukuta. Halikupanuka kwa laana. Dodoma hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikianguka kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi huja kwa kishindo: saa moja ya mvua kubwa, halafu siku kumi jua kali. Zamani maji hayo yalikuta kilimani nyasi, vichaka na udongo wa shamba, mengi yakanywewa hukohuko. Siku hizi yanakuta mabati, sakafu za ua, pevingi na barabara, yanateremka yote kwa pamoja na kutafuta njia, na njia yaliyoachiwa ni moja.

Hilo ni nusu. Nusu ya pili ni mchanga. Kila tofali la mtaa huu, kila plasta, kila zege la msingi lilihitaji mchanga, na mchanga wa karibu na wa bei nafuu ulikuwa humo korongoni. Malori yamechota miaka na miaka. Sakafu ya korongo ikishuka, kingo zinabaki zikining'inia, mvua ya kwanza inaziangusha, ya pili inazibeba, na mwakani korongo limeongezeka upana. Ukisimama pale ng'ambo ya shule utaona mizizi ya mkwaju imebaki hewani.

Ndiyo maana kamati haikubaliani na kauli mbili tulizozisikia mkutanoni. Ya kwanza ilitoka kwa baadhi ya wenyeji, kwamba korongo limeletwa na wageni, basi wajenge wageni. Ya pili ilitoka kwa baadhi ya wahamiaji, kwamba hilo ni tatizo la wenyeji wa mtaa wa chini, wao wana magari na wanapita barabara kubwa. Nyumba ya mwenyeji na ya mgeni zote zimejengwa kwa mchanga uleule, na maji ya bati la huyu na la yule yanakutana palepale. Aliyejenga huku hawezi kusema korongo halimhusu.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Shule ya msingi iko mtaa wa juu, na watoto wengi wanatoka wa chini. Muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, katikati ya masika yetu, ambapo mtoto wa darasa la kwanza ndiyo kwanza anaijua njia. Ubaya wa korongo hili ni kwamba huwezi kulisoma kwa kuangalia juu. Kwenu kunaweza kuwa kumekauka kabisa, jua linawaka, lakini imenyesha kilimani, na maji yanakufikia ukiwa katikati ya mchanga na viatu mkononi. Hivyo asubuhi za mvua walimu hupokea nusu ya darasa, na mchana wazazi husimama ukingoni wakingoja maji yapungue ili watoto wao wavuke kurudi nyumbani. Mjamzito wa mtaa wa chini anayetaka kufika zahanati huzungushwa kwa bajaji hadi barabara kubwa, na bajaji hiyo siku ya mvua bei yake anaijua mwenye bajaji.

Wengi mmeuliza kwa nini tusingoje Serikali. Barabara na madaraja ya mitaani viko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, nasi hatujengi kienyeji nyuma ya mgongo wa mtu: hatutaweka jiwe la kwanza kabla mchoro haujapitishwa na mhandisi mwenye mamlaka. Ila tukumbuke kwamba hii ni njia ya miguu, si barabara, na jiji zima lina njia zinazoomba lami. Tukijipanga kwenye foleni hiyo kwa mikono mitupu, tutapanga sana.

Kuhusu kujenga kwa mawe, kuna waliodhani ni njia ya kubana matumizi hadi kuhatarisha watu. La hasha. Daraja la tao la mawe ni teknolojia ya karne nyingi, na nchini kwetu TARURA imeshajenga mengi, mkoa wa Kigoma ukiwa mfano unaotajwa sana. Kinacholibeba ni umbo lake: mawe ya tao yanabanana yenyewe kwa uzito, kila anayepita juu anayakaza zaidi, na uzito unaishia kwenye nguzo za pembeni. Halihitaji nondo kwenye tao, na nondo ndizo zinazokula bajeti ya zege. Nasi Dodoma tukikosa vyote, mawe hatukosi. Tumezaliwa tumeyakuta, tunayazunguka tukilima, tunayapasua tukitaka kuweka msingi.

Kivuko chetu kitakuwa na matao mawili na nguzo katikati, upana wa mita 2, ili toroli na pikipiki zipishane na mtu, lakini gari lisithubutu. Hilo la gari limejadiliwa sana na limekwisha. Atakayetaka pa kupitisha gari aanzishe harambee yake. Pande zote mbili, juu na chini ya kivuko, tutaweka gabioni, yaani vizimba vya nyavu za waya vilivyojazwa mawe, ili maji yasitafune kingo na kukiacha kivuko kimesimama peke yake kama mnara. Fundi mmoja alituambia bila kupepesa macho kwamba tukijenga kivuko bila gabioni ni afadhali hela tukanunulie mbuzi.

Mahitaji yenyewe: saruji mifuko 180, mawe tripu 12 za Fuso, mchanga tripu 5 (utanunuliwa machimbo yenye kibali, mbali na hapa, na yeyote atakayekuja na lori la mchanga wa korongo letu atarudishwa nalo), mbao na mirunda ya kushikilia matao hadi yakauke, nyavu za gabioni, maji ya kumwagilia na ujira wa mafundi. Mawe tripu 4 tayari yamekusanywa na kaya zilizokuwa zikichimba misingi. Vibarua hatujawawekea hela kwa sababu kazi ya kuchimba, kubeba na kusogeza tutaifanya kwa msaragambo.

Toa unachoweza kwa namna unayoweza. Mwenye duka la vifaa anaweza kutoa mifuko. Mwenye Fuso anaweza kutupa siku moja ya gari, mafuta tukaweka sisi. Kaya moja ikitoa bei ya mfuko mmoja wa saruji tutaishukuru kama aliyetoa kumi, na majina yatasomwa kwa mpangilio wa alfabeti, siyo wa fedha. Ya kupangana kwa fedha tumeyaona kwenye harusi na yanatosha. Mchango ni wa hiari. Hakuna atakayenyimwa barua ya utambulisho au huduma yoyote ofisi ya mtaa kwa sababu hakuchangia, na ukitishwa hivyo na mjumbe yeyote, tuletee habari.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, uwanja wa shule, saa nane mchana, ili wa kanisani wawe wametoka ibada na wa msikitini wawe wameshaswali adhuhuri. Kutakuwa na mnada kama kawaida yetu, na mwaka huu tunaomba vitu vinono: kuku wa kienyeji, mbuzi, mafuta ya alizeti, karanga, ubuyu, asali, na zabibu kwa kuwa utakuwa msimu wake. Akina mama wa muheme wameahidi kuja na ngoma zao. Mnadi ni yuleyule mnayemjua, kwa hiyo kaa mbali ukiwa huna nia ya kununua, maana ukijikuna kichwa atahesabu umepanda dau. Mgeni asiyejua bei ya jogoo wa Dodoma ataelimishwa hapohapo.

Walio mbali hawana haja ya kusubiri siku hiyo. Akaunti ya benki ya kivuko ina watia saini watatu, wawili wa mtaa wa chini na mmoja wa mtaa wa juu, na hela haitoki bila saini za wawili wa pande tofauti. Namba yake imebandikwa kwenye ubao wa ofisi za mitaa yote miwili. Hapa hatuiandiki kwa makusudi, wala hatuandiki namba ya simu ya mtu yeyote. Mpigie ndugu yako aliye hapa, aende akaisome ubaoni, akupe yeye. Ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukidai ni ya kivuko, ujue si sisi, na usiurushe kwenye kundi la familia. Kila mchango una stakabadhi, hata wa shilingi elfu moja, na mapato na matumizi yatabandikwa kila mwisho wa mwezi palepale ubaoni.

Kazi ya msingi inatakiwa ianze Septemba na matao yawe yamefungwa kabla ya mwisho wa Oktoba, ili saruji ipate muda wa kukomaa ikimwagiliwa maji kabla ya mvua ya kwanza kuijaribu. Tukichelewa kuvuka Novemba tutasogeza mwaka mzima, na mwaka mzima korongo halitatungoja na mita zake 9.

Msaragambo ni kila Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua. Wa mtaa wa juu watashukia upande wa shule, wa chini upande wa mkwaju. Njoo na sururu, beleshi, karai au toroli. Asiye na kifaa aje na dumu la maji. Uji wa uwele utakuwepo, sukari ndiyo bado tunaitafuta.

Kamati ya kivuko, kwa niaba ya wakazi wa mitaa yote miwili