Mihogo yetu, kompyuta yao, bili ya nani?

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu nimesoma mengi ya kilimo kwenye gazeti lako nikanyamaza, lakini ile habari ya wafadhili kupunguza fedha za utafiti imenishinda. Mwandishi wenu kahesabu magari yatakayokosa mafuta na warsha zitakazofutwa. Kanzidata za vinasaba, yaani maghala ya kompyuta yanayotunza takwimu za mimea, hamkuziandikia hata mstari mmoja!

Niseme ile ninayoijua, Cassavabase, kanzidata ya mihogo. Ilikuja na mradi wa kuzalisha mihogo bora, NextGen Cassava, ulioanza 2012 kwa fedha za Taasisi ya Bill na Melinda Gates na serikali ya Uingereza. Inatunzwa na Taasisi ya Boyce Thompson, Ithaca, New York, ila vilivyomo ni vipimo vya mashamba ya Ukiriguru, Namulonge kule Uganda, Ibadan na Umudike kule Nigeria. Mzalishaji wa mbegu anaifungua bure, anaona mmea huu wazazi wake ni nani, ulizaa kiasi gani, una alama zipi za vinasaba. Miche ikiwa bado michanga anakisia ipi ya kuendelea nayo, hangoji mwaka mzima avune ndipo ajue.

Watu wanadhani kupima ugonjwa ni kuangalia majani. Ugonjwa wa mihogo wa michirizi ya kahawia unaweza kukuachia shina la kupendeza kabisa, ukichimba na kukata muhogo ndani unakuta uozo mkavu wa kahawia. Tulikata muhogo mmoja mmoja, tukatoa alama 1 (mzima) hadi 5 (umeoza vibaya), tukaandika kwenye kaunta buku, mikono imeganda utomvu. Kisha kwenye kituo kimoja nisichokitaja akaja bosi mpya, akaamuru stoo isafishwe apate pa kuweka viti vya mikutano. Kaunta buku zikatupwa nje. Nilikuja kuzikuta kwa mama wa vitumbua, anafungia wateja. Changu kilifungwa kwa karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe, alama zimelowa mafuta. Nilipouliza ofisini nikajibiwa, "Mzee, si yameshaandikwa kwenye ripoti?" Ripoti ina wastani, Mhariri! Wastani haukuambii kuna shina moja pale pembeni lililopata 1 wakati jirani zake wote wamepata 5, na shina hilo lilikuwa na thamani kuliko kituo kizima pamoja na viti vyake.

Na tukiwa hapo hapo: kwa nini kila mkiandika vinasaba mnaweka picha ya nyanya inadungwa sindano? Ni nani mliyemwona akidunga nyanya? Hapa kwetu Amani, tangu miaka ya 1930, watafiti walichavusha mihogo na mpira wa Ceara, mti wa porini ulio ndugu wa muhogo, na uzao wake ndio uliotuachia Namikonga, mbegu inayostahimili michirizi ya kahawia. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyothibitisha kuwa ni ileile Kaleso ya Kenya. Mnamtisha mkulima kwa picha, halafu mnaandika tahariri kwamba anakataa pingili bora.

Wala tusitegemee Wamarekani watalipa milele. TAIR, kanzidata yao ya Arabidopsis, kile kimmea wanasayansi wanachokitumia kujifunzia vinasaba, ilianza 1999, serikali yao ikaja kuikatia ruzuku, na 2013 wahusika wakaunda shirika lisilo la faida na kuanza kutoza vyuo ada. Imesalimika kwa sababu wapo wenye uwezo wa kulipa. Cassavabase itamtoza nani, bibi anayemenya makopa Mkuranga?

Pendekezo langu ni dogo. Mwaka mmoja tu, taasisi zetu zote zisichapishe fulana na kofia za Nane Nane. Fedha hizo ziajiri makarani wawili wa data, ziweke nakala kamili kwenye seva hapa nchini, na salio liende Ithaca kama mchango wetu, tuache kukaa mezani kama wageni. Chumba cha seva kiwe na jenereta, jenereta iwe na dizeli, na ufunguo asikae nao mkurugenzi aliye safarini.

Mtafiti msaidizi mstaafu,
Muheza, Tanga